Riwaya Iliyosimamisha Mikono Mezani

Mpendwa dada Leokadia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote kwa sababu nina shida na wewe.

Tangu uhamie Liuli nasikia unakula samaki mpaka umetusahau sisi wa Mpepai. Mimi sijambo. Pikipiki yangu ndiyo safi kuliko zote pale stendi ya Mbinga, na dereva wake vilevile.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya kuchambua kahawa? Tumeizunguka meza ya kukaushia, mama, shangazi Redempta, mimi na majirani, kila mtu anatoa punje mbovu. Wewe umekalia debe, unatusomea riwaya yako kwenye madaftari manne. Msichana ameacha shule, nyumbani hasemi. Kila asubuhi anavaa sare, anaaga, anakwenda kujificha kwenye mibuni.

"Mjinga huyo," nikasema. "Wachumaji watamwona. Angekaa kule bondeni, mtoni."

"Wewe umejuaje?" ukauliza.

Meza nzima ikacheka. Ulinigeuza msichana, dada, ukadhani sitajijua! Mwezi wa tatu huo nilikuwa naaga kila asubuhi na shuleni sifiki.

Halafu ukafika mwisho. Kumbe mama yake alijua tangu wiki ya kwanza, na kila jioni aliendelea kuipiga pasi ile sare, akingoja mtoto aseme mwenyewe. Mikono ikasimama. Shangazi kashika punje hewani kama anataka kuitafuna. Mama hakuinua uso. Baba aliporudi akakuta punje mbovu tele. "Mlikuwa mnachambua au mnasali?" Tukairudia meza yote.

Jioni ile nilimfuata mama jikoni, nikamwambia. Akasema, "Najua. Kalete maji." Basi. Shule sikurudi, lakini kuaga kwa uongo niliacha. Hili sijawahi kukwambia, ungevimba kichwa.

Riwaya ukampelekea mwalimu mmoja. Akasema riwaya ya vijana haistahili tuzo bila funzo, mwongo lazima aadhibiwe. Ukaandika mwisho mwingine, msichana anaumwa na nyoka, anatubu, anakuwa daktari. Ukatusomea mezani. Dada, siku hiyo tulichambua vizuri ajabu, haikupita hata punje moja mbovu! Ukafunga madaftari, ukayatupia kwenye gunia, ukateremka ziwani, huko Liuli.

Mimi msomi wa kidato cha pili nakwambia, viboko nimekula vingi na mafunzo nimesikiliza mengi, hakuna kilichonifungua mdomo ila ile pasi ya kwenye daftari lako. Kijana anajua akihubiriwa. Anajua pia akionwa.

Sasa redioni wametangaza tuzo ya riwaya za vijana. Madaftari nimeyatoa kwenye gunia, panya wamekula jalada tu. Ule mwisho wa nyoka nimeuchana, mama kawashia moto, usinitukane. Fomu nimeijaza mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri. Wameuliza kwa nini riwaya hii inastahili. Nimeandika: "Waliisikiliza watu wenye kazi, wakaisahau kazi."

Imebaki sahihi yako, na hiyo siwezi kuiga, maana kuongopa niliacha. Jumamosi nateremka Liuli na fomu. Ukikataa nitakaa mlangoni kwako nikila samaki wako mpaka ukubali. Mama anakusalimu. Madaftari kayafunga kwenye kitambaa, na kitambaa kakipiga pasi.

Mdogo wako, yule msichana wa kwenye mibuni,
Osmundi