Nilivyobishana na Baridi Nisiyoijua

Jumanne, Januari. Makanyagio, Mpanda.

Mvua imepiga tangu alfajiri, barabara ya mbele ya nyumba ni tope tupu. Nimevaa sweta. Kwetu wingu likitanda ndipo tunasikia baridi, jua likitoka tunavua. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Ndilo lililoniponza.

Binti yangu Kabula yuko Marekani tangu Agosti, kwenye kaunti moja ya milimani, mashamba na ng'ombe tu, anajifunza kazi ya maziwa. Tangu apate nafasi hiyo nimesoma habari za hali ya hewa ya huko kama mtu anayejiandaa kwa kesi. Najua theluji huanza kuanguka mwaka haujaisha, na mlimani huweza kukaa hadi mwezi wa tano. Najua barabara hufungwa, na mabomba ya maji huganda yakapasuka. Kwenye kibanda cha chai nimewahutubia watu mpaka wakaniita Bwana Theluji. Nikafurahi.

Jumatano iliyopita, jioni yetu na asubuhi yao, alipiga simu ya video. Dirishani nyuma yake anga lilikuwa safi, halina hata uzi wa wingu, jua linametameta juu ya theluji. Akasema msimamizi wao kawaambia wasubiri ndani kidogo kabla ya kwenda zizini, baridi imezidi. Nilicheka. Nikamwambia sisi ni watu wa ng'ombe; babu yake aliswaga mifugo kutoka Shinyanga hadi Kasekese bila kusubiri mtu ampimie hewa. Alijaribu kueleza. Mimi nikishapata hoja simwachii mtu nafasi.

"Jua lote hilo, Kabula, halafu unaniambia baridi?"

Akasimama, akaanza kuvaa buti. Simu ikakatika.

Leo mchana mke wangu aliniwekea wali mezani, akakaa, asile. Akanieleza kwamba siku ile Kabula alitoka bila glavu, ajirekodi na kunitumia nione kuwa yeye si mvivu. Akashika komeo la chuma la geti la zizi kwa mkono mtupu, akahangaika nalo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua kwa baridi, vimevimba, vina malengelenge. Daktari anasema itachukua siku kadhaa kujua kama ncha zake zitapona.

Siku sita mke wangu alijua, na kila siku tulikula meza moja.

"Tuliogopa utaanza kubishana, Baba Kabula," alisema. "Hata na daktari."

Nimejibizana na wakubwa wa kila aina hadharani, sijawahi kukosa la kusema. Hapo nilisukuma sahani, nikatoka nje.

Nimezunguka uani na mvua yote hii. Nimefungua kitabu, nimekifunga. Nimeanza makala ya blogu yangu kuhusu ukataji wa misitu, nikaona ni kelele, nikafuta.

Jioni nikapiga mwenyewe. Mkono wake umefungwa bandeji. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Nikasema tu kwamba nimekosa.

"Najua, baba. Nilichoogopa ni kwamba utaniandika kwenye blogu," alijibu, akacheka kidogo.

Nimekuandika, mwanangu. Safari hii mshtakiwa ni mimi.

Kisha akanifundisha. Huko, usiku wa anga safi, joto la ardhi hupanda na kupotea kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia, na asubuhi theluji hulirudisha jua lilikotoka. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni, kwenye shamba lao. Sisi tukishuka kutoka Sumbawanga kwenda Mpimbwe tunakutana na joto. Wao asubuhi kama ile wakishuka wanakutana na baridi zaidi. Siku ya mawingu ndiyo ya nafuu. Nadhani yote hayo yalikuwemo katika niliyoyasoma. Nilisoma nikitafuta ya kubishania.

Nilimuuliza kama vidole vinauma. Akasema cha shahada kinauma sana, na daktari amefurahi, maana kinachouma kiko hai. Cha kati hakisikii kitu.

Kesho nitapiga tena. Nitauliza swali moja, kisha nitafunga mdomo nisikilize, jambo ambalo sijui kama naliweza.

Sijawahi kumwombea mtoto wangu maumivu. Leo naomba kidole cha kati kianze kuuma.