Mama Amelala Kitanda cha Dirishani na Hataki Kutoka

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisaidie upesi kwa sababu maji yamenifika shingoni na jibu langu linatakiwa kabla wiki haijaisha. Mimi ni mwigizaji wa televisheni, huenda umeniona, ndiye yule nesi mkuu katika tamthilia ya hospitali inayoonyeshwa jioni, yule mwenye saa kifuani na sauti ya kuamrisha, na kabla hujaniambia kuwa nina bahati zangu ngoja nikueleze nilikotoka, maana shida yenyewe imeanzia huko.

Nimezaliwa katika nyumba ya wasanii. Babu alikuwa mpiga tarumbeta katika kikundi cha maigizo kilichozunguka mji hadi mji, baba ni mchekeshaji ambaye mpaka leo watu wazima na heshima zao wanamwita Suruali Fupi barabarani na yeye anaitika, na mama ndiye aliyekuwa nyota wa kikundi, akiimba, akiigiza, akifa jukwaani Ijumaa na kufufuka Jumamosi. Mimi nililelewa ndani ya sanduku la mavazi, hesabu za shule nilizifanya nyuma ya pazia, na mara ya kwanza kupanda jukwaani nilikuwa kitoto kichanga, walihitaji mtoto wa kubebwa, nikamkojolea baba mbele ya ukumbi mzima, watu wakavunjika mbavu wakidhani ndivyo ilivyoandikwa, na baba anasema baada ya hapo walininywesha maji kabla ya kila onyesho lakini nilikataa kurudia.

Sasa nilipokua nikaenda kwenye usaili wa televisheni, sikusema mimi ni mtoto wa nani, nilitaka nipate au nikose kwa jasho langu mwenyewe. Nikapewa kusukuma kitoroli cha dawa nyuma ya madaktari, bila neno hata moja. Nilikisukuma kile kitoroli kwa moyo wote, Mshauri, mpaka wakanipa maneno mawili, "Daktari, unaitwa," kisha matatu, kisha mkasa wangu mwenyewe, hadi nikawa nesi mkuu na picha yangu ikabandikwa kwenye mabango, na watu wakinisimamisha sokoni walikuwa wakiniuliza dawa ya kikohozi, hakuna aliyeniuliza ukoo.

Mwaka jana akatakiwa bibi mmoja wa kuja wodini na mguu unaouma, alale vipindi viwili, aondoke. Mwigizaji aliyepangwa akapotelewa na sauti, mtayarishaji akanijia mbio, alikuwa ameshasikia kwetu ni wapi, akasema, "Mama yako yupo?" Mama alikuwepo, amestaafu, yuko nyumbani anagombana na redio. Nikamleta mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikamlaza kitanda cha dirishani.

Hajatoka mpaka leo!

Bibi wa dirishani alikataa kipimajoto, alificha mkate chini ya mto, aliwashauri madaktari kuhusu wake zao, na watazamaji wakapiga simu kituoni wakisema bibi huyo asiruhusiwe kwenda nyumbani. Kila mwandishi akikaa kuandika, bibi anaongezewa. Mimi nesi mkuu nimebaki kusimama pembeni na chupa ya maji ya mshipani nikimsikiliza. Lililonimaliza kabisa ni siku ya mkasa wangu mkubwa, siku nesi anapata habari kwamba mchumba wake daktari amemwacha. Nilikuwa nimeusubiri ule mkasa msimu mzima. Nikaanza kulia, machozi ya kweli yanashuka, mara naona macho ya wote yamehamia dirishani, kumbe mama kule kitandani ametoa chungwa na anamenya. Anamenya polepole, ganda moja refu lisilokatika, huku ananitazama. Mpiga picha akageuza kamera. Ilipoonyeshwa, kilio changu kilikuwa kimepunguzwa, chungwa lipo lote.

Nikimwambia, anashangaa kabisa. "Mwanangu, bibi yule angefanya nini? Alikuwa na njaa."

Na sokoni sasa hawaniulizi dawa. Wananiuliza, "Mama hajambo? Mwambie tunampenda!" Ninatabasamu mpaka taya zinauma.

Sasa juzi mtayarishaji ameniita ofisini kwake, ambayo ndiyo stoo yetu ya bandeji na mikono ya plastiki, akafunga mlango, akasema, "Wodi moja haibebi nyota wawili. Mmoja lazima aondoke. Ama bibi wa dirishani afe, ama nesi mkuu ahamishiwe hospitali nyingine. Wewe ndiye wa siku nyingi hapa, chagua wewe. Ila mama yako asijue kitu mpaka uniletee jibu."

Nimeshindwa kula. Kila asubuhi ninampitia mama na gari, ninamkuta ameshavaa viatu, gauni lake la mgonjwa amelipiga pasi mwenyewe, njiani anaimba, baba naye kabla hatujaondoka ananinong'oneza kwenye dirisha la gari kwamba tangu mama apate kazi hii nyumba ina amani na redio imepumzika. Nitamuuaje mtu wa namna hiyo? Lakini nikijihamisha mwenyewe, ninarudi kusukuma kitoroli cha nani, katika umri huu? Na kuna jambo la aibu ambalo sijamwambia mtu: aliposema "bibi afe," kuna sehemu ndani yangu iliruka kwa furaha. Ni mama yangu mzazi, Mshauri. Je, mimi ni mtu mbaya? Nifanye nini?

Ni mimi,
Nesi Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mezani kwangu nikacheka mpaka mhariri akaja kuchungulia, kisha nikairudia mara ya pili nikaacha kucheka. Pole. Kusimama na chupa ya maji huku mama yako anashangiliwa ni kazi ngumu, na wewe umeifanya mwaka mzima bila kumrushia ile chupa. Pongezi.

Tuanze na hilo la aibu. Wewe si mtu mbaya. Umechoka. Iliyoruka ni ile sehemu yako iliyosukuma kitoroli, inataka nafasi yake, ina haki. Wangapi tunawapenda mama zetu na bado tukiwa nao jikoni tunatamani watoke nje kidogo? Basi jikoni kwako kuna kamera, hiyo ndiyo tofauti.

Lakini sasa kaa vizuri nikuseme. Chungwa! Wewe ni nesi mkuu wa wodi. Mgonjwa wako anamenya chungwa mbele ya majonzi yako, nawe unaendelea kulia ukingojea mwongozaji akutetee? Nesi wa kweli angekwenda akamnyang'anya, akalila mbele yake huku machozi yanamtoka, na nchi nzima ingelizungumzia mpaka leo. Mama yako hakukuibia mkasa, binti. Alikurushia mpira, ukautazama ukipita. Mtu aliyelelewa ndani ya sanduku la mavazi hana ruhusa ya kusahau jambo hilo.

Na huyo mtayarishaji wako simpendi hata kidogo. Kuamua nani aondoke ni kazi yake, ndiyo maana akapewa ofisi, hata kama ina mikono ya plastiki. Amekukabidhi wewe kisu, kisha akakukataza kusema. Mbona kakuuliza wewe, asimuulize mwenye kitanda? Mimi nakuambia anajua vizuri sana kwamba mtoto hawezi kutamka "mama afe." Anangojea ujihamishe mwenyewe kwa huruma, yeye abaki na bibi wa dirishani na mikono safi.

Kwa hiyo usimpe jibu. Nenda kwa mama yako. Usiende usiku mmechoka, nenda asubuhi, baba akiwepo, mama akiwa na kitu cha kufanya mikononi. Mwambie yote, la mtayarishaji na la wivu pia, na umwambie bila kulia, maana yeye machozi ameyafanyia kazi maisha yake yote, atayakagua badala ya kukusikiliza. Usimwonee huruma kana kwamba ni yai. Mwanamke aliyekufa kila Ijumaa hawezi kutishwa na kifo cha televisheni. Kisha nendeni wawili kwa huyo bwana, mkae mbele yake, na atakayesema kwanza awe mama.

Na ukishamaliza, uniandikie. Si kwa faida ya wasomaji. Nataka kujua mimi.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA NESI

Mshauri, shikamoo tena.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa anatoa vumbi kwenye feni, baba amemshikia kiti. Nikasema yote kwa pumzi moja, na nilipofika kwenye wivu nikamalizia kwa kunong'ona. Mama akateremka kitini polepole. Nikajua nimeua mtu kweli.

"Kufa?" akasema. "Mimi nimeshaomba kufa mara mbili! Mgongo wangu umekwisha kwa kile kitanda. Yule bwana akaniambia nikiondoka wewe utaanguka, kwamba bila mimi hupati usingizi."

"Mimi?"

"Wewe. Ndiyo maana nikawa nakuimbia garini."

Baba alicheka mpaka akalazimika kukalia kile kiti, na mama akamgeukia akamwambia asicheke, kwa sababu hata yeye alikuwa anajua habari ya mgongo na hakusema, alikuwa anafaidi amani. Kisha akanivuta karibu, akanifuta vumbi la feni begani. "Wivu nao ungeniambia mapema," akasema. "Mimi nilimwonea mama yangu wivu hadi nikamfichia viatu vya jukwaani. Akaimba pekupeku, wakampigia makofi zaidi."

Jumatatu tuliingia stoo wawili. Mtayarishaji alipotuona pamoja alianza kupanga bandeji. Mama akamwambia, "Mwanangu habaki pembeni tena. Na mimi nakufa, lakini sifi kwa kukohoa." Akaacha bandeji, akamwita mwandishi. Mwandishi akaandika kifo kizuri, mama akapewa maneno ya kuaga ukurasa mzima, na nikasema moyoni haya, na hili nalo ni lake, nitashika mkono wake na nitasikiliza.

Siku ya kurekodi, mama alianza yale maneno vizuri. Akafika mstari wa tatu. Akanitazama, akafumba macho, akafa.

Ukurasa mzima ulikuwa umebaki! Kamera ikanigeukia, na mimi sina hata neno moja. Mwongozaji hakusema kata. Nikaona miwani ya mama imekaa upande usoni, nikaivua. Nikaikunja. Nikatafuta mahali pa kuiweka, sikupata, nikaitia mfukoni mwangu, halafu nikakumbuka mimi ni nesi, si ndugu wa marehemu, nikaitoa, nikaiweka mezani pamoja na vitu vyake. Nikanyoosha shuka. Nikafungua mdomo kama mtu anayetaka kuita daktari, nikaufunga, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo nesi mkuu haruhusiwi. Sikulia. Hata fundi wa taa alikuwa ameshika mdomo.

Waliposema kata, marehemu akafumbua jicho moja. "Mtaniacha hapa mpaka lini? Mgongo!"

Kilipoonyeshwa tulikuwa sote sebuleni kwa wazazi. Hawakukata hata kidogo. Kipindi hakijaisha vizuri, mlango ukagongwa, kufungua ni majirani, wanawake watatu na fundi cherehani wa mtaa, wanalia kweli kweli, wamekuja kutupa pole wakiwa bado na ndala za ndani. Mama akatokea nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Mmoja akapiga yowe, akamshika mkono kuhakikisha una joto.

"Mama, jamani, umetuua! Tulivyolia kwa ajili yako!"

"Niacheni mimi," mama akasema, akiwavuta ndani mmoja mmoja. "Nesi mlimwona?"