Mkasi Nimeuacha Mezani

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, hayajatiwa chumvi. Nguo zianue kabla mvua haijanyesha. ~~Chakula chako jipikie mwenyewe.~~ Nimeufuta mstari huo. Ngoja nikueleze.

Asubuhi umeniletea chai, nami nikakununia kama jana na juzi. Ukatoka ukivuta mlango polepole kama mwizi. Nikakaa kwenye cherehani nimefura, nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Nikaufumua, nikaushona vilevile tena! Hapo nikajicheka peke yangu. Aliyekata mapezi ya samaki kwa mkasi wangu wa vitambaa ni wewe, lakini kichwa kinaniuma mimi, usingizi umenikimbia mimi. Wewe unakoroma tu!

Kosa ni kosa, mkasi sasa haukati hata uzi. Ila samaki ulikuwa unanipikia mimi, kwa kuwa uliniona nimechoka. Nililijua hilo tangu siku ile, sikutaka tu kulikumbuka.

Basi nimekusamehe. Hasira ikinirudia jioni, nitakusamehe upya, usinichoke.

Mimi nimempelekea mteja gauni lake. Wewe upeleke mkasi kwa mnoaji. Ndio huu unaoishikilia karatasi isipeperuke. Nilikuwa nimeuficha chini ya godoro, upande wangu, kumbe ndio ulionichoma mbavu usiku kucha. Ukishanolewa, urudishe kwenye droo yake. Siufichi tena.

Na yule samaki alikuwa mtamu. Sikukuambia.

Mama watoto