Kuku wa Mama Hoza wamenichongea

Alhamisi. Ukungu umelala kwenye migomba mpaka saa tano. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi, na mimi mwenyewe sijakauka vizuri.

Leo nimeumbuliwa na kuku.

Tangu Mama afariki, huu mwaka wa pili, mimi na chakula hatuelewani. Kikiwekwa mbele yangu mikono inakuwa ya baridi, moyo unakwenda mbio, tumbo linajifunga kama duka siku ya msiba. Dada Zaina alipoona gauni linanivaa badala ya mimi kulivaa, aliacha mume na watoto Mombo akapanda huku milimani, Malindi, kunilisha. Alisema wiki mbili. Sasa ni mwezi wa tatu.

Enzi za Mama tulikula sinia moja. Sinia linamfaa mwongo: mkono unakwenda, mkono unarudi, nani atajua umebeba nini? Dada analijua hilo. Alilitundika ukutani akanipa sahani yangu peke yangu. Basi nikaanza kusema nakwenda kulia chakula nje, niote jua.

Jua la Malindi ya milimani, mwezi wa saba, wakati wa baridi. Na Dada akaniamini.

Nyuma ya jiko, makande yangu yaliliwa na kuku wa jirani yetu, Mama Hoza. Sahani ilirudi safi kila siku. Dada alishangaa chakula kinakwenda wapi mwilini.

Muuguzi wa kliniki alinishika mkono siku moja kusikiliza mapigo, akaniuliza Dada anarudi lini kwake. Mapigo yalikimbia mpaka akaangalia saa yake mara mbili. Akasema wapo wanawake wengi kama mimi: mwili ukihisi utaachwa, unafunga tumbo kana kwamba chui yuko mlangoni. Dada alikuwa pembeni. Akauliza, "Kwa hiyo chui ni mimi?"

Tulicheka njia nzima. Lakini sikumwambia yaliyobaki.

Yaliyobaki ni haya. Nisipokula, Dada atachoka aniache. Nikila, nitapona aniache. Kuku walikuwa katikati: sahani inaonekana imeliwa, na mimi siponi.

Leo mchana alikuwa anafunga begi. Mtoto wake mdogo anaumwa jino, kwa hiyo kesho anashuka. Alisema ana amani, maana sahani zangu zinarudi safi. Nikatoka na sahani tupu, naipeleka tu kuoshwa kabla ya kula. Kuku wote tisa wakaja mbio, jogoo mbele, wakajipanga kama wanafunzi mstarini. Nikakimbilia chooni. Wakanisubiri mlangoni.

Nilipotoka, Mama Hoza alikuwa amefika kuwatafuta. Huyu mama amejisifu kijiji kizima kwamba kuku wake wamenona kwa pumba anayochanganya kwa siri. Nikamwamkia shikamoo. Akaitazama sahani, akawatazama kuku, akanitazama mimi.

"Marahaba. Mwanangu, kuku wangu wananenepa, wewe unakonda. Kumbe pumba yangu si kitu."

Dada alikuwa amesikia yote kutoka ndani; akakaa juu ya begi lake. Nilitamani anigombeze. Akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja."

Nikamweleza lile la kuachwa nikila na kuachwa nisipokula. Likisemwa kwa sauti, mbele ya kuku, halina akili hata kidogo. Dada alifuta macho kwa kanga, sijui alikuwa analia au anacheka.

"Ukila, Jumapili narudi," akasema. "Usipokula, Jumapili narudi. Sahani haihusiki. Sasa njoo tule."

Akalitungua sinia ukutani, akapakua wali na maharage. Mama Hoza akakaribishwa, akakaa upande wangu kama askari. Dada alikwangua ukoko akausukuma kwangu. Mama alikuwa akifanya hivyo hivyo, akidai yeye meno yake hayawezi ukoko. Yalikuwa yanatafuna miwa.

Nimekula. Moyo ulikimbia, nikauacha ukimbie peke yake, kama muuguzi alivyoniambia. Sikumaliza. Lakini nilichokula nimekila mimi.

Kesho Dada anashuka, na mikono imeanza kuwa ya baridi nikiandika hivi. Jumatatu nitamwambia muuguzi ukweli wote, na kuku nitawataja. Mpaka Dada arudi, Mama Hoza atakuja na sahani yake kila mchana tule pamoja. Kuku atawafungia bandani.

Jogoo bado amesimama pale nyuma ya jiko, shingo ndefu, anatazama mlango. Najua anavyojisikia. Nani atamweleza kwamba hakuna aliyemchukia?