Nozeli ya Nne

Mpendwa Bi Severa,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini nikiomba unisaidie upesi maana nimebakiwa na siku tisa. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli katika karakana ya shirika moja la umma hapa Gerezani, nina mke na watoto watatu, na nyumba tunayopanga Msimbazi tunakaa pamoja na dereva wetu Eliakimu, mtu wa Machame, mlango wake unatazamana na wangu, tumekula sahani moja miaka minane.

Kama unavyojua petroli imekuwa shida, sasa meneja wetu Bwana Elisaria akaja na mpango wa kuendesha gari kwa spiriti inayopikwa kwa molasi ya miwa, akachagua lile gari la wafadhili ambalo injini yake ina tabo, yaani feni ya kusukuma hewa ndani kwa nguvu, akataka litembee kabla ya Saba Saba ili wakubwa walione. Mimi nilimweleza, Mungu ni shahidi, nilimweleza kwamba spiriti haina nguvu kama petroli, injini iliyokuwa inakunywa chupa mbili itataka tatu, na tabo ikianza kusukuma hewa itataka zaidi, kwa hiyo nozeli zinazopuliza mafuta lazima ziwe na matundu makubwa, zote nne, kila pistoni na yake. Nikapima kwa chupa na saa mpaka nikapata kipimo, nikazunguka Kariakoo wiki mbili kwa wauza vyuma chakavu, nikapata tatu, ya nne hakuna, na kuagiza nje ni habari ya mwaka mzima. Bwana Elisaria akasema, "Fundi, si wewe unayeungaunga kila siku? Unga." Na kweli sisi mafundi siku hizi tunasifiwa kwa kuungaunga, basi nikairudisha ile ndogo ya petroli kwenye pistoni ya nne, injini ikatetemeka kidogo, nikaongeza nguvu ya pampu, injini ikatulia, tukalizungusha gari Mnazi Mmoja halina neno, nikatia sahihi kwamba ni zima.

Siku ya tatu wakatumwa Morogoro, Eliakimu na karani wetu wa stoo, Wilbert. Wakiwa wanapanda mlima na mzigo, injini ikapasuka, oili ikamwagikia bomba la moshi, gari likawaka. Wilbert alifia humo ndani. Eliakimu aliungua mikono yote miwili akimvuta. Sasa yuko mahabusu, wanasema aliuza spiriti akajazia maji, kwa hiyo ni mhujumu uchumi tena muuaji.

Injini niliifungua mwenyewe. Pistoni tatu hazina kitu, ya nne imeyeyuka katikati, tundu linapitisha kidole gumba. Yangekuwa maji gari lingekohoakohoa na kuzima, lisingeyeyusha chuma. Ile nozeli ndogo haikutosha, hewa ilijaa, mafuta yakapungua, moto ukazidi mle ndani, pistoni ikaungua. Nimeifunga kwenye gunia pamoja na nozeli yake, iko uvunguni mwa kitanda changu.

Na sasa polisi wamenitaka mimi, ati mtaalamu, niandike ripoti ndani ya siku hizo tisa. Bwana Elisaria ameniita akaniambia, "Andika maji. Wewe una watoto." Na Hyasinta, mke wa Eliakimu, aliyebaki peke yake na watoto wao, kila jioni ananiuliza uani, "Shemeji, wewe ndiye uliyefungua injini, umeona nini?" nami namjibu bado tunachunguza. Jana aliwapa wanangu uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, alioupangia foleni tangu alfajiri. Nilishindwa kumtazama. Bi Severa, naogopa kufungwa, naogopa sana. Je, haitoshi nikiandika tu kwamba chanzo hakijulikani?

Ni mimi,
Fundi wa Gerezani

JIBU

Marahaba, fundi. Pole. Umebanwa na mkubwa wako, vipuri hakuna, na ulisema ukweli mapema ukapuuzwa. Hayo nayakubali, na uyaandike yote kwenye ripoti.

Ila chanzo hakijulikani kwa nani? Wewe umekilalia kila siku. Ukiandika hivyo polisi watabaki na hadithi moja tu, ile ya maji, na Eliakimu atafungwa vilevile. Usijidanganye kwamba utakuwa hujasema uongo.

Tena usimsukumie kila kitu Bwana Elisaria. Yeye hajui nozeli. Wewe ulipima kwa chupa na saa, ulijua kilichopungua na kimepungua wapi, kisha ukatia sahihi. Na katika barua yote hii ndefu hukumtaja mama yake Wilbert hata mara moja. Nimekasirika, fundi, na sina haja ya kuficha.

Sasa sikiliza. Kaa na mkeo kwanza umweleze, asije akayasikia barabarani. Gunia usilifungue, usiioshe pistoni. Andika ripoti kwa mkono wako, nakala mbili, weka vipimo vyako vya chupa, weka jina la aliyekuambia uunge. Tafuta wakili, na kama humjui hata mmoja, waombe viongozi wako wa dini wakuelekeze. Uende polisi na mtu mzima asiye wa shirika lenu, gunia mkononi. Kwa meneja usipite.

Siwezi kukuahidi kwamba hutafungwa. Huenda ukafungwa, na watoto watapata taabu, kama wa Eliakimu wanavyoipata sasa hivi.

Hyasinta umwambie wewe mwenyewe, na siku hiyo usimwombe msamaha. Mpe habari yake umwache alie au akutukane.

Jambo la mwisho. Majina yote nimeyabadilisha. Lakini nozeli tatu kubwa na moja ndogo sikuweza kuzibadilisha, barua isingeeleweka. Wakati wewe unasoma haya, mafundi wenzako nao wanasoma, na kabla ya adhuhuri mmoja wao atakuwa amefika Msimbazi na gazeti kwapani. Liweke lako chini, uende nyumbani sasa hivi.