Milioni Moja na Moja Si Tasa

Jumapili, Busunzu. Mvua imekatika tangu asubuhi. Matope hayajakauka, wala aibu yangu.

Leo Yusto amekuja nyumbani kujitambulisha. Ni fundi pikipiki mjini Kasulu, mpole, na ninampenda mpaka naona haya kuandika. Nilikuwa nimemwonya: baba alifundisha hisabati hadi akastaafu, na mgeni kwake hasalimiki bila kuulizwa namba.

Hata maji ya kunywa hayajafika, baba akamkazia macho. "Kijana, milioni moja na moja. Ni tasa au si tasa?"

Namba tasa, kwa mliosahau shule, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Yusto alisahau zamani. Jasho likamtoka. Akajaribu mbili, ikakataa. Tatu, ikakataa. Kisha akajikaza kiume, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ni tasa, mzee! Tasa kabisa!"

Wakati huohuo Shangazi Adela, dada yake baba, alikuwa anaingia na bakuli la migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Yeye alisikia hilo tu.

Akageuka na migebuka yake.

"Tasa nani? Mtoto wetu hujamwoa, ushamwita tasa? Ukoo huu tunazaa mapacha!"

Yusto alisimama, akakaa, akasimama tena. Baba akiwa kwenye namba hasikii binadamu. Akapiga meza: "Si tasa! Kijana amekosea!"

"Ego!" shangazi akaitikia ndiyo kwa Kiha chake. "Umesikia? Baba mtu mwenyewe kasema!"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, shangazi alikuwa ameeleweshwa kwamba mwenye kesi ni namba, si mimi. Akauliza sasa hiyo namba ina watoto wangapi.

"Wawili," baba akasema. "Mia moja na moja, na elfu tisa mia tisa na moja. Ukiwazidisha unaipata."

"Na hao je?"

"Hao ndio tasa."

"Wote wawili? Maskini!" Shangazi aliguswa kweli. Migebuka ikafika mezani.

Lakini jibu la posa baba hakutoa. Alimpa Yusto namba nyingine, 1,111,111, akaichunguze kama ni tasa, bila simu, ndipo arudi. Yusto aliondoka amenyong'onyea. Nikajua basi, huyo kaenda, harudi.

Jioni hii ujumbe ukaingia: "Saba imekataa."

Kisha: "Kumi na moja imekataa."

Sasa hivi: "Kumi na tatu nayo imekataa. Mwambie mzee nakuja tu."

Jibu ninalo, baba alinifundisha nikiwa mdogo. Inagawanyika kwa mia mbili thelathini na tisa. Maskini Yusto, yuko mbali mno.

Nimwambie?

Simwambii. Wacha agawanye. Mimi kesho naenda Kibondo mjini kuangalia vitenge vya harusi.