Sauti ya Nne kwenye Kanda ya Kwaya

Baba Nyangeta,

Ndugu zako wamenichosha. Najua ungependa nianze na salamu, lakini salamu sina. Tupo. Mimi na mtoto tunakula, tunalala, basi.

Siku ya kuanua matanga walikaa uani kugawa vitu vyako. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, haya, ndiyo desturi. Wakafika kwenye mitambo. Ile mashine ya kanda za dijitali aliyokuachia padre alipokuwa anarudi kwao, shemeji Majura akaichukua, kwa kuwa yeye ndiye kaka yako mkubwa na mashine inang'aa. Spika zenye amplifaya ndani zilibaki kwangu kwa sababu nilizikalia. Kweli nilizikalia, wakaona aibu kuninyanyua. Kile kisanduku chako cha kugeuza namba zinazotoka kwenye mashine kuwa sauti hakuna aliyekitaka. Hakina mlango wa kanda, hakina redio. Baba yako mdogo akakigeuza juu chini, akauliza, "Hiki nacho ni nini, chaja?" Wakakitupia kwenye beseni langu la vyombo. Nilitaka kuwaambia kwamba mashine na kisanduku ni kitu kimoja, ukivitenganisha vyote viwili ni bubu. Lakini siku ile mjane anasikilizwa na nani?

Basi mashine ikavuka maji kwenda Sengerema, kisanduku kikabaki Mwanza na mimi. Shemeji ameiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Haijawahi kutoa hata mlio kule, na isingeweza. Unajua mwenyewe njia zake za kawaida za kutolea sauti ziliungua siku umeme uliporudi kwa fujo, likabaki zima lile tundu la dijitali tu, linalotoa namba tupu.

Kanda ninayo mimi. Ile ya kwaya, uliyorekodi kanisani nilipokuwa Misungwi namuuguza mama. Hatukuwahi kuisikiliza pamoja, mashine iliungua kabla sijarudi.

Kilichonikimbiza ni mtoto. Nyangeta ameanza darasa la kwanza. Siku moja namwogesha akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikajaribu kukuigiza. Akanitazama, akasema, "Hapana, hiyo ni sauti yako." Niliumia, wewe! Picha zako tunazo. Sauti hatuna, na wewe ndiye uliyekuwa unarekodi harusi na ngoma za Mwanza nzima.

Unakumbuka ulivyohangaika na kile kisanduku? Kilijua mwendo wa CD peke yake. Namba za mashine ya kanda zinakimbia kidogo zaidi, na kila kimoja kina saa yake ndani ya kupimia mwendo. Ulipoviunganisha, saa zikagombana. Taa ya mbele ikawaka nyekundu, spika kimya. Ulinieleza na bisibisi mdomoni: "Kinatakiwa kifuate saa ya anayetuma. Ila akili yake ya zamani." Ukawaandikia waliokitengeneza huko ng'ambo wakutumie chipu yenye programu mpya. Ukawa kila ukipita parokiani unaulizia kifurushi, mpaka wakakutania kwamba umeagiza mke wa pili.

Kifurushi kilifika umeshazikwa. Kibahasha tu, na ndani chipu yenye miguu mingi kama tandu. Nililia pale pale ofisini mbele za watu, na ilikuwa hasira zaidi ya huzuni. Homa haikuweza kungoja posta?

Wa kuiweka nikamkosa. Mafundi wa mjini siku hizi hawafungui kitu. Tangu biashara iachiwe huru, redio za Dubai zimejaa barabara nzima, ya mtu ikiharibika anatupa na kununua nyingine. Banda letu la ufundi sasa wanauza mitumba. Nikaiweka mwenyewe. Nilikuwa nimekaa na wewe kwenye meza yako ya kazi miaka, macho ninayo. Kipengo cha chipu kielekee kwenye alama, ya zamani uichokonoe taratibu kwa bisibisi bapa. Mguu mmoja wa chipu ukapinda, nikaunyoosha kwa kibano cha nyusi. Ungenicheka.

Nikamwomba shemeji aniazime mashine. Akagoma kabisa: "Kitu cha mdogo wangu hakitoki humu ndani." Sawa. Kama haitoki, tutaifuata. Kisanduku nikakifunga kwenye khanga, spika kwenye viroba, mtoto mkononi, tukapanda kivuko Kigongo, tukashukia Busisi, mpaka Sengerema. Shikamoo shemeji, marahaba, chai, habari za ng'ombe. Nyumba nzima ikajaa sebuleni kuja kumsikia marehemu.

Nikachomeka waya, nikatia kanda. Taa nyekundu. Nikangoja, jasho linanitoka. Ikapepesa, ikawa kijani, ikatulia. Baba Nyangeta, ilikubali! Nilipiga kigelegele peke yangu, shemeji nusura amwage chai.

Kwaya ikatoka, safi, utadhani wamesimama humo humo kati ya makochi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaingoja ya nne, ile nzito ya chini uliyokuwa unaimba, nikikungoja wewe. Ikaja, na hukuwa wewe. Alikuwa Alfonsi, mwenzako wa sauti ya nne, anavyovuta mwisho wa neno na kuhema kama anapanda kilima cha Bugando kwa miguu. Nikapeleka kanda mbele, nikairudisha, wimbo kwa wimbo. Alfonsi tu. Ndipo akili ikanijia. Siku ile wewe ulikuwa umekaa kwenye mashine na hedifoni masikioni. Ungeimbaje? Uliwachukua wote, ukajiacha wewe. Hata kikohozi hukutuachia, jamani! Fundi gani wewe usiyejaribu hata "moja, mbili"?

Mtoto akanivuta khanga. "Mama, baba ni yupi?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Yule wa chini kabisa."

Akaenda akabandika sikio kwenye spika, akafumba macho, akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tukuzike. Shemeji Majura akajifuta machozi kwa kiganja, akasema, "Ndiye. Ndiye huyo mdogo wangu." Ndugu yako wa tumbo moja, Baba Nyangeta. Nilitamani kupiga kelele, nikanywa chai.

Njia nzima ya kurudi Nyangeta aliimba kwa sauti nzito, anavuta mwisho wa maneno kama Alfonsi. Siku hizi Jumapili namwamsha tuwahi misa ya kwanza, yenye kwaya nyingine, asije akamsikia Alfonsi mwenyewe akiimba akiwa hai. Alfonsi anadhani nimemnunia. Juzi tulikutana sokoni akanisalimia, mtoto akageuza shingo ghafla kumtazama. Nikamkokota tukaondoka bila hata kununua dagaa.

Na mimi je? Jana nilikuwa jikoni, nikajaribu kukusikia ukiingia na kuniita, "Mama Nyangeta, chai ipo?" Maneno yalikuja yote. Sauti ilikuwa ya Alfonsi. Nikazima jiko, nikakaa chini, nikajaribu tena na tena. Hupo. Nimeipoteza nikiitafuta.

Lala, mume wangu. Sitakuandikia kwamba mambo yatakuwa mazuri, wewe siyo mgeni wa kudanganywa. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja tu: mtoto hatajua kwa kinywa changu. Atakua, atazeeka, atawaambia wanawe kwamba alimsikia baba yake akiimba, na mimi nitakaa kimya, peke yangu ninayejua kwamba umekwisha.

Mkeo,
Mama Nyangeta